Jina la Ndani

Katika kila nyumba ya mjini Unguja mna mtu aitwaye Babu, na aghalabu mna mwingine aitwaye Bi Mkubwa. Majina hayo yawatosha kabisa walio ndani. Mtoto akiambiwa, "Mpelekee Babu chai," haulizi ni Babu yupi, kwani katika nyumba ile Babu ni mmoja. Lakini mtu aliyeko ng'ambo akiandika juu ya bahasha maneno mawili tu, "Kwa Babu," barua hiyo haitafika. Si kwamba Babu hayupo. Yupo, ila mababu ni wengi, kila nyumba ina wake, na jina lile hupoteza maana yake mara livukapo kizingiti.

Jambo hilo dogo, ambalo kila mtu hulijua tangu utotoni, lilimtaabisha maalim mmoja mstaafu wa Mkunazini kwa muda wa siku kumi na mbili katika msimu wa kaskazi wa mwaka 2023. Alikuwa amesomesha Kiswahili na historia kwa miaka thelathini na sita, na hakupata kudhani kwamba uzeeni angerudi kuwa mwanafunzi wa somo la anwani.

Marehemu mkewe alikuwa mtunzi. Hakupata kuchapisha hata ubeti mmoja, wala hakutaka. Alitunga akiwa jikoni au akishona, akayahifadhi moyoni, na jioni akayaghani ukumbini mbele ya wanawake wenzake waliokuja kumtembelea. Kati ya mwaka 1984 na mwaka 1991 alikubali, baada ya kubembelezwa sana, sauti yake inaswe katika kanda. Zikapatikana kanda kumi na tisa. Ya mwisho kati ya hizo ni wasia kwa bibi harusi, alioutunga alipokuwa akimwoza binti yake wa pekee. Alitoa sharti moja, na akalirudia mwaka 2016 alipokuwa kitandani, siku chache kabla ya kufariki: "Haya ni ya ndani. Anayeyataka na aje ayasikie."

Wasomaji wa tungo za pwani watamkumbuka Mwana Kupona binti Msham, aliyeutunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Utendi ule ulianza kwa mama kumwita mwanawe aketi karibu, lakini mtunzi mwenyewe aliwaalika wanawake wengine wausome, na leo wausoma wanafunzi ambao hawajapata kuiona Lamu wala Pate. Mwana Kupona aliufungua mlango kwa mkono wake. Mke wa Maalim hakuufungua, naye Maalim alijiona kuwa ni bawabu aliyeachiwa ufunguo, wala si mmiliki wa kilichomo.

Hata hivyo kanda huchakaa, na hewa ya chumvi ya kisiwani huzila upesi. Kijana mmoja wa jirani, fundi wa kompyuta, alizihamisha sauti zile zote katika kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa msahafu, akaiweka chumbani juu ya kasha la marehemu, akaiunganisha na kile kisanduku cha intaneti ambacho mafundi hukiita ruta. Tangu siku ile aliyekuwamo ndani ya nyumba aliweza kufungua simu yake, akaandika namba iliyobandikwa juu ya kompyuta, na akamsikia Bi Mkubwa akighani. Namba yenyewe ilikuwa 192.168.1.10. Wajukuu waliiita "namba ya Bibi."

Ndipo simu ikaja kutoka Maskati. Binti yake, aliyehamia huko na mumewe, alikuwa ametoka kupasuliwa uti wa mgongo, na madaktari walimkataza kusafiri. Mwanawe wa kike alikuwa aolewe huko huko baada ya wiki mbili.

"Baba," alisema baada ya shikamoo na marahaba, "Mama alisema anayeyataka aje ayasikie. Mimi nayataka, na mjukuu wako anayataka, na kuja siwezi. Nifanyeje?"

Jamaa walimshauri Maalim auchukue ule wasia autume kwa simu, jambo la dakika moja. Alikataa. Alikuwa ameona picha za maiti, maneno ya magomvi na siri za watu zikizunguka mji mzima kabla ya magharibi. Kilichotumwa mara moja hakina tena mwenyewe. Lakini alijiuliza: ikiwa sauti yasikika chumba hiki na kile kwa namba moja tu, itashindwaje kusikika Maskati, nako ni intaneti ile ile? Usiku huo, bila ya kumshauri mtu, alimpigia binti yake akamsomea namba ile tarakimu moja moja, pamoja na nukta zake. Binti akaandika. Ukurasa ukafunguka. Maalim alisikia pumzi yake ikibadilika kwa furaha. Kisha kukawa kimya.

"Baba," akasema, "mbona yaniambia kwamba wino umekwisha?"

Alikuwa amefika kwenye mashine yake mwenyewe ya kuchapia, iliyokuwa chumba cha pili, Maskati.

Kijana wa jirani alipokuja asubuhi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaomba radhi. "Maalim, hukukosea kusoma. Umempa jina la ndani."

Akaeleza. Anwani ya itifaki ya intaneti, ambayo kwa ufupi huitwa anwani ya IP, ya ule mtindo uliowekwa mwaka 1981, ni namba ya biti 32, nayo huandikwa kwa mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta, kila fungu likianzia 0 hadi 255. Jumla yake yote ni 4,294,967,296. Zama zile mtandao uliunganisha vyuo vikuu, maabara na ofisi za kijeshi za Marekani na marafiki zake, na idadi hiyo ilionekana kama maji ya bahari. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 wahandisi walikwisha kuona kwamba bahari hiyo ina mwisho. Februari 1996 likachapishwa andiko lijulikanalo kama RFC 1918, lililotenga mafungu matatu ya namba kwa matumizi ya ndani: zile zote zianzazo na 10, ambazo ni 16,777,216, zile za kutoka 172.16 hadi 172.31, ambazo ni 1,048,576. Na zile zianzazo na 192.168, ambazo ni 65,536. Mtu yeyote, popote duniani, aweza kuzitumia nyumbani au ofisini mwake bila ya kuomba ruhusa. Sharti ni moja: zisitembee katika njia kuu. Mitambo ya njia kuu ikiona barua iliyoandikiwa namba hizo haiifikishi popote.

"Kwa hiyo," alisema kijana, "nyumba hii ina 192.168.1.10, na ya binti yako inayo, na duka lililo mkabala nawe pengine linayo. Ruta huzigawa zenyewe kwa kila kinachoingia nyumbani, kama vile wewe ulivyokuwa ukiwapa wanafunzi namba za madawati."

Maalim alifikiri kidogo. "Basi si siri."

"Si siri hata kidogo. Ni ya ndani."

Tofauti hiyo ilimkaa. Maisha yake yote alikuwa amechukulia kwamba cha ndani na cha siri ni kitu kimoja. Sasa alitambua kuwa jina Babu halikupata kuwa siri. Kila mpita njia alijua kwamba nyumba ile ina babu. Lilikuwa la ndani kwa sababu lilitegemea wanaolitumia waweko pamoja chini ya paa moja.

Lakini kama namba za ndani hazitembei njiani, simu yake yapataje habari za dunia kila asubuhi? Kwa hili kijana hakuwa na haja ya maelezo marefu, maana Maalim alipata mfano wake mwenyewe. Alipoanza kazi, walimu wengi hawakuwa na sanduku la posta. Walitumia la skuli. Kila mwalimu aliyeandika barua aliweka juu yake S.L.P. ya skuli, na majibu yote yalirudi katika sanduku hilo moja. Karani alikwenda Posta ya Shangani na ufunguo wake, akaleta mzigo, akasoma jina lililo chini ya anwani, na akamtilia kila mmoja yake katika kijisanduku chake. Kwa posta, walimu wote wale walikuwa mtu mmoja.

Ndivyo ifanyavyo ruta. Barua ya simu itokapo, ruta huifuta anwani ya ndani na kuandika anwani ya nje, ambayo ni moja kwa nyumba nzima. Hutia namba ya ziada, ambayo mafundi huiita poti, na kuandika katika daftari lake kwamba namba hiyo ni ya simu fulani. Jibu lirudipo, hutazama daftari na kulifikisha. Wazo la kubadilisha anwani mlangoni lilichapishwa Mei 1994 na Kjeld Egevang na Paul Francis, na wao wenyewe walilieleza kuwa ni dawa ya muda mfupi. Dawa hiyo ya muda ndiyo iliyoko leo katika nyumba nyingi za dunia.

"Na barua isiyo na jina?" aliuliza Maalim, akikumbuka barua alizopata kuziona zikivunda juu ya meza ya karani.

"Isiyo na jina katika daftari hutupwa. Ndiyo maana hata binti yako angaliijua anwani yetu ya nje, angalibisha hodi na asiitikiwe. Hakuna aliyetoka humu ndani kumwita."

Ikawa sasa dawa ni kumpa karani amri ya kudumu: yeyote ajaye na namba fulani ya ziada, mpeleke chumbani, kwenye sanduku la mashairi. Kijana aliingia katika ukurasa wa ruta akaiandika amri hiyo. Kisha akafungua tovuti moja ya zile zinazomwambia mgeni anwani yake ya nje. Ikajibu namba ianzayo na 41, na chini yake ikaandika kwamba mwenye kuuliza yuko Dar es Salaam.

"Nani amenihamisha?" alisema Maalim kwa hasira iliyokuwa nusu ya mzaha.

Hakuna aliyemhamisha. Tovuti kama hizo hazimwoni mtu. Hutazama tu fungu la namba limeandikishwa kwa nani na mitambo yake yadhaniwa iko wapi. Anwani ya nje si mali ya nyumba. Ni ya kampuni, nayo huiazima nyumba kwa muda, na kesho yaweza kuwa nyingine.

Binti alibisha hodi jioni hiyo mara tano. Alisubiri kila mara mpaka simu ikachoka yenyewe. Kijana akarudi katika ukurasa wa ruta, safari hii akatazama anwani ambayo kampuni ilikuwa imeipa ruta yenyewe. Haikuwa ile ya 41. Ilianza na 100.72. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya mtu aletaye habari ya msiba, "Maalim, nyumba hii haina mlango wa barabarani."

Kila aliyewahi kuingia katika majumba marefu ya Michenzani, yale ya miaka ya 1970, ataufahamu mfano alioutoa. Kila familia pale ina mlango wake, na ufunguo wake, na kizingiti chake. Lakini mlango huo haufunguki barabarani. Hufunguka kwenye ngazi, na ngazi ndiyo yenye mlango wa nje, ambao ni wa wote. Kampuni ya Maalim ilikuwa imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kila mmoja akipewa namba ya ngazini. Aprili 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa ajili hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255, namba 4,194,304 kwa jumla. Karani wa nyumbani alikuwa ameipokea amri kwa utiifu, lakini barua kutoka Maskati haikumfikia. Ilikomea kwa karani wa jumba, ambaye hapokei amri za wapangaji.

Kampuni haikufanya hivyo kwa ubaya. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya hazina kuu ya anwani za dunia yaligawiwa taasisi tano za kanda. Ile ya Afrika, AFRINIC, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005, ina makao yake Mauritius, kisiwa kingine cha Bahari hii hii ya Hindi, na tangu Januari 2020 imekuwa katika hatua ya mwisho ya kugawa kilichobaki kwa vipande vidogo vidogo. Bara lililochelewa kuingia sokoni lilikuta vitu vimekwisha kupungua. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009 na mwaka 2010. Njia ikawa pana wakati ule ule ambapo namba za kuweka milangoni zilikuwa zinakwisha.

Ipo dawa ya asili, na si ngeni. Katika miaka ya 1990 ilichapishwa itifaki mpya, IPv6, ambayo anwani zake ni za biti 128, idadi yake ikikaribia 340 ikifuatiwa na sufuri thelathini na sita. Kwa hesabu hiyo kila kijiko cha jikoni chaweza kuwa na anwani yake ya nje. Lakini kampuni ile haikuwa imeifikisha katika nyumba ya Maalim. Alipopiga simu kuuliza, alielezwa kwa adabu kwamba angeweza kupata anwani ya nje isiyobadilika kwa mkataba wa kibiashara, kwa malipo ya kila mwezi, na kwamba maombi huchukua muda. Harusi ilikuwa imebakiza siku tano.

Usiku ule Maalim alikaa barazani peke yake. Huzuni yake ilikuwa ya namna ambayo hakuitazamia. Nyumba ile ina mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya kuzaliwa babu yake, na watu wamekuwa wakija kuupiga picha. Kumbe katika mji huu mwingine usioonekana, nyumba ile ni chumba cha ngazini ambacho mpita njia hajui kwamba kipo.

Kijana alimkuta hapo, na alilomwambia liliyageuza mawazo yake. "Afadhali tumeshindwa jana," alisema. "Nilifanya haraka. Mlango niliotaka kuufungua haukuwa na kufuli."

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba kompyuta moja tu, ikiwa na njia nzuri, yaweza kubisha hodi katika anwani zote za nje za dunia, zile za biti 32, kwa muda usiozidi dakika 45. Wao walifanya kwa ajili ya elimu. Wengine hufanya usiku na mchana kwa nia zao, wakitafuta mlango uliosahauliwa wazi. Lau karani wa jumba angaliitii amri ya jana, sauti ya marehemu ingalikuwa barazani kwa kila mpitaji, bila ya neno la siri, na pengine Maalim asingalijua kamwe nani aliingia na nani aliondoka nayo. Ahadi ingalivunjwa na mtu aliyeamini kwamba anaitimiza.

"Kwa hiyo kufichika ndiko salama," alisema Maalim.

"Hapana, Maalim. Kufichika si ulinzi. Simu ya mjukuu wako ikiokota programu mbaya huko nje na kuingia nayo humu, imekwisha kuvuka kizingiti, na namba ya Bibi i wazi kwa kila aliyemo ndani. Tumezuiwa na daftari la karani, na daftari halikuandikwa kwa ajili ya ulinzi. Liliandikwa kwa sababu ya uhaba."

Jambo la kwanza alilofanya usiku huo, basi, lilikuwa kuliwekea sanduku la mashairi neno la siri, hata kwa walio nyumbani. La pili lilikuwa kuifuta ile amri ya jana. Kisha akaleta rai ya tatu. Ikiwa mgeni hawezi kuingia, na wa ndani aweza kutoka, basi na atoke wa ndani.

Ipo programu iitwayo Nebula, iliyotolewa kwa umma mwaka 2019 na wahandisi wa kampuni ya Slack. Huhitaji kompyuta moja tu yenye anwani ya nje, na waliyoitunga waliipa jina ambalo mtu wa kisiwani hahitaji kufasiriwa: mnara wa taa. Mnara haubebi shehena. Kazi yake ni kuonekana. Sanduku la mashairi hutoka lenyewe, kupitia karani wa nyumbani na karani wa jumba, likausalimu mnara. Na kwa kuwa limetoka lenyewe, makarani wote wawili huandika katika madaftari yao. Simu ya binti nayo hutoka Maskati ikausalimu mnara huo huo. Mnara humwambia kila mmoja mwenzake ameonekana wapi. Kisha wote wawili, kwa wakati mmoja, kila mmoja kutoka upande wake, hutuma neno kuelekea kwa mwenzake. Kila karani huona jibu likija kutoka kule kule ambako mtu wake alikuwa amekwisha kuandika, naye huliruhusu. Hakuna aliyevunja mlango. Wote wametoka nje kidogo, wakakutana.

Kijana alikodi kompyuta ndogo katika jumba la mitambo huko Ulaya, kwa bei isiyofika ya vikombe vichache vya kahawa kwa mwezi, ikawa ndiyo mnara. Maneno yapitayo kati ya wawili wale hufungwa kwa ufunguo ambao mnara wenyewe hauna. Na ili mtu akubaliwe, lazima awe na hati iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba, yenye jina lake na namba yake. Kijana alimwachia Maalim atie sahihi hati zile mwenyewe. Ya kwanza ilikuwa ya sanduku, 10.20.0.2. Ya pili ilikuwa ya binti yake, 10.20.0.3.

Maalim alizitazama namba hizo akauliza, "Hizi zaanza na 10. Si umesema za 10 ni za ndani?"

"Ni za ndani."

"Na yeye yuko Maskati."

"Ndiyo, Maalim. Lakini sasa yumo ndani."

Bado lilikuwapo swali moja, na Maalim hakulikwepa. Yule asikiaye aweza kunasa. Mtu akiiweka simu ya pili karibu na ya kwanza, wasia wote utakuwa wake. Kijana alikiri kwamba hana dawa ya hilo, na kwamba hakuna fundi aliye nayo. Maalim alitabasamu. Hata ukumbini, katika mwaka 1991, mwanamke mwenye kumbukumbu nzuri angaliweza kuondoka na beti zote kichwani. Bi Mkubwa alilijua hilo. Hakusema kwamba yasisikike. Alisema anayeyataka aje, yaani ajulikane, apige hodi, akaribishwe, na akae na waliomkaribisha. Alichokilinda kilikuwa ni ule ukaribisho.

Usiku wa kuamkia harusi, saa tatu Unguja na saa nne Maskati, binti alimpigia babake kwanza. "Hodi," alisema.

"Karibu, mwanangu."

Akaandika namba, kisha neno la siri. Hapakuwa na habari za wino. Palikuwa na mkwaruzo wa kanda ya zamani, kikohozi kimoja, mlio wa kikombe kikiwekwa juu ya sahani, na baada ya hapo sauti. Bibi harusi alikuwa amekaa chini miguuni mwa mama yake, na wanawake wa pande mbili wamewazunguka. Maalim, chumbani kwake, alikuwa ameufungua wasia ule ule kwa sauti ya chini, na kupitia simu akawa anausikia tena kutoka Maskati, ukichelewa kwa muda wa pumzi moja. Kwa hiyo kila neno la mkewe alilisikia mara mbili. Hakuna aliyezungumza mpaka mwisho.

Wiki moja baadaye kijana alikuja kuuliza kama auzime mnara, kwani kazi imekwisha. Maalim alikuwa amekwisha kuandika katika daftari lake la zamani la mahudhurio, kwa wino, safu ya namba na mbele ya kila namba jina. Chini ya namba ya binti yake palikuwa na mstari mpya, 10.20.0.4, na jina la mjukuu, ambaye siku hiyo alikuwa amehamia kwa mumewe, katika nyumba nyingine, yenye ruta nyingine igawayo namba zianzazo na 192.168 kama nyumba zote.

"Usiuzime," alisema. "Nionyeshe tu mahali pa kutia sahihi."